Miti Ikifika Dirishani

Tarehe 3 Februari

Kwako Mama Mdogo,

Salamu. Nilifika salama. Kazini nilikuta ghorofa nzima ya vyumba haijakaguliwa tangu nilipoondoka kuja kumzika baba. Hoteli ndivyo ilivyo, hakuna anayekumbuka kwamba msimamizi wa vyumba naye ana wazazi.

Siku ya kuondoka hatukuweza kuzungumza kwa sababu ya watu. Kwenye simu wewe husikii vizuri, na mimi hasira zangu ziko karibu. Kwa hiyo tuandikiane. Huku kwetu hotelini jambo lisiloandikwa halijasemwa.

Kwanza nyumba. Baba ameniachia mimi, ulisikia wosia ukisomwa. Aliomba pia wewe usisumbuliwe, na sina nia ya kukufukuza. Lakini nyumba kubwa kama ile kukaliwa na mtu mmoja na cherehani yake, na bahari iko hatua chache tu, si akili. Nataka iwe nyumba ya wageni. Kazi hiyo naijua, nimewafanyia watu wengine miaka yote hii. Wewe utahamia chumba cha uani, kile cha karibu na jiko. Kina dirisha na kina feni.

La pili ni gumu zaidi. Siku ya mazishi uliketi katikati ya wanawake ukawasimulia mama yangu alivyokuwa akipenda hiki na kuchukia kile. Mama Mdogo, wewe uliletwa pale kumuuguza. Mgonjwa akafa, muuguzaji akabaki, na mwaka haukuisha ukawa mke wa nyumba. Mimi nilikuwa bara kwa shangazi, habari zikinifikia vipandevipande. Hayo yamepita, siwezi kuyarudisha. Ila naomba jambo moja, na naliomba kwa maandishi: usimtaje mama yangu katika barua zako. Si kwa wema, si kwa ubaya. Sitaki kumjua kupitia mdomo wako.

Nisalimie mwenye duka la kona.

Wako,
Binti wa mume wako


Tarehe 12 Februari

Mwanangu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mwenye duka, na salamu zako nimempa. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama. Mara ya pili nilitafuta kiti.

Uliloniagiza nimelisikia. Sitamtaja. Mimi nimezoea kuagizwa ndani ya nyumba hii: chemsha maji, tandika, fungua dirisha, funga dirisha. Amri moja zaidi haitanivunja mgongo.

Habari za hapa si mbaya. Bati la jikoni linavuja pale kwenye bomba la moshi. Mlango wa mbele umevimba, unafunguka kwa bega. Paka wa baba yako bado analala juu ya viatu vyake, na mimi sina moyo wa kuviondoa.

Kuhusu wageni, nyumba ni yako na uamuzi ni wako. Chumba cha uani nitahamia. Nimekipima kwa macho, cherehani itaingia ikiwa meza itatoka, na mimi nitalala mahali patakapobaki. Ninachokuomba ni uje ukae hapa kwanza, japo wiki mbili, kabla hujabadilisha kitu. Nyumba ya kando ya bahari ina tabia zake, hasa kile chumba cha pembeni kinachoelekea ufukweni, kilichokuwa chako. Ukikaa utanielewa bila mimi kusema neno, na naona ndivyo unavyopenda.

Wako,
Mama Mdogo


Tarehe 2 Machi

Kwako Mama Mdogo,

Asante kwa majibu. Likizo ya wiki mbili huku hawatoi, labda nife mimi.

Bati litarekebishwa. Mlango utapigwa randa. Viatu vya baba vitoe, tafadhali.

Sasa miti. Siku ya mazishi nilikaa kibarazani nikitaka kuiona bahari, nikaona ukuta wa mivinje. Nisikilize kwa makini, maana hili silisemi mara mbili. Kitu pekee nilichonacho cha mama yangu ni hiki: nimepakatwa pale kibarazani, nimefunikwa mtandio wake wa kijani, na mbele yetu bahari yote iko wazi, hakuna hata jani. Tunaitazama pamoja. Nilikuwa mdogo sana, lakini naikumbuka kuliko sura yake. Kisha nikapelekwa bara kwa sababu yeye anaumwa, shangazi ndivyo alivyoniambia. Sikumwona tena. Niliporudi kutembea nikiwa msichana wa shule nilikuta wewe ndiye mwenye funguo, na bahari imezibwa kwa miti. Watu wazima hudhani mtoto haelewi. Nilielewa vizuri sana nani alitaka kusahaulisha nini.

Mgeni hulipia bahari, halipii mivinje. Nimemwandikia yule mkata miti wa hapo mjini, wanayemwita Msumeno. Atakuja mwezi ujao kuikata yote hadi chini.

Wako,
Binti wa mume wako


Tarehe 11 Machi

Mwanangu,

Viatu nimevitoa. Paka sasa analala mahali vilipokuwa.

Mivinje sikuipanda mimi. Niliimwagilia, hilo siwezi kulikana, ndoo baada ya ndoo kutoka kisimani, mpaka viganja vikaota sugu ambazo fundi cherehani hapaswi kuwa nazo. Lakini mkono ulioipanda si wangu. Zaidi ya hapo umenifunga mdomo, na mimi si mtu wa kula kiapo asubuhi na kukitapika jioni.

Niseme la upepo, kwa sababu upepo hukunikataza. Ule unaotoka baharini kuanzia katikati ya mwaka si upepo wa watu kupunga. Unabeba chumvi na mchanga. Nyumba ya jirani yetu wa upande wa mashariki, yule nahodha mstaafu asiye na mti hata mmoja, nondo zake za madirisha zimeliwa zimebaki nyembamba, na kila mwaka anapaka rangi akitukana. Yetu imekaa miaka yote hii na nondo zake, na si kwa bahati.

Hayo ni ya vyuma. Ya watu nitayanyamazia.

Wako,
Mama Mdogo


Tarehe 24 Machi

Kwako Mama Mdogo,

Kama si wewe uliyeipanda basi ni baba, na kila mtu anajua baba alikuwa akipanda, akijenga na akibomoa kwa kukuangalia wewe usoni. Sioni tofauti.

Nondo zitapakwa rangi. Kuna rangi nzuri siku hizi.

Nina habari nyingine. Hotelini nimeandika barua ya kuacha kazi. Tangu baba wa mwanangu aondoke nimekuwa nikimlea huyu mtoto kwa kumwachia majirani, anakula kwao, analala kwao, mimi nikinyoosha mashuka ya wageni. Nimechoka. Nyumba ikiwa tayari tutahamia huko moja kwa moja, mimi na yeye. Atalala katika chumba changu cha zamani. Nimeshamwambia ataamka asubuhi na kuona bahari akiwa kitandani, na sasa kila anayepita anaelezwa habari za bahari yake. Nilinyimwa mimi, hatanyimwa yeye.

Wako,
Binti wa mume wako


Tarehe 5 Aprili

Mwanangu,

Msumeno alikuja Jumatatu na wenzake wawili. Nikamwambia kuku wangu wanaatamia chini ya miti, asubiri waangue. Alikuwa mstaarabu, akanywa chai, akaondoka. Alirudi Alhamisi, akatafuta kuku chini ya miti, hakuona hata unyoya. Aliniangalia, nikamwangalia. Sina kuku, mwanangu. Nilimwomba anipe nafasi nikuandikie mara moja tu, naye amekubali kungoja jibu lako.

Sasa ninaandika bila mzaha. Umesema mtoto atalala katika kile chumba. Kwa ajili hiyo ninakuomba ruhusa. Uniruhusu nivunje agizo lako la barua ya kwanza, kwa ukurasa mmoja tu, kabla mti wa kwanza haujaanguka. Baada ya hapo unaweza kunifunga mdomo hadi naingia kaburini. Sitaki chumba kikubwa, sitaki kibaraza, chumba cha uani nimeshahamia na mguu wangu unagusa mlango nikilala. Ninataka ukurasa mmoja.

Kama ruhusa hiyo ni nzito, basi acha ile miti ya mbele ya dirisha la mtoto tu. Mingine ikatwe.

Nangoja.

Wako,
Mama Mdogo


Tarehe 13 Aprili

Kwako Mama Mdogo,

Hapana.

Nimecheka peke yangu niliposoma habari za kuku, kisha nikakasirika kwamba umenichekesha. Najua unachotaka. Utaniandikia kwamba mama yangu aliipenda hiyo miti, au alikuota usingizini, au alikuachia usia. Marehemu ni ngao nzuri, hajibu. Nilikuomba jambo moja tu katika maisha yangu yote, na hujamaliza miezi mitatu umeshaanza kutafuta upenyo.

Msumeno nimempigia simu. Ataikata yote, na wa mbele ya dirisha ndio wa kwanza.

Wako,
Binti wa mume wako


Tarehe 22 Aprili

Mwanangu,

Kazi imekwisha. Wamekata kwa siku mbili na kubeba magogo kwa siku moja. Ulioanza ulikuwa wa mbele ya dirisha, kama ulivyoagiza. Nilisimama uani nikiwa nimeshika ndoo, sijui kwa nini nilichukua ndoo.

Bahari inaonekana. Inaonekana kutoka kibarazani, kutoka sebuleni, kutoka kila kitanda cha mbele. Hata chooni inaonekana ukisahau kufunga mlango. Wageni wako watafurahi.

Mimi nimeondoka. Barua hii naiandika nikiwa kwa mdogo wangu, mji wa ng'ambo ya mto, ambako nimepewa kona ya kuweka cherehani. Hukunifukuza, na nikiulizwa nitasema hukunifukuza. Funguo ziko kwa mwenye duka la kona. Ule wa stoo hukwama kidogo, uuzungushe huku umeinua mlango. Paka nimemchukua.

Ningeweza kuandika ule ukurasa hata baada ya hapana yako. Kalamu ninayo na wewe uko mbali, usingenipiga. Sikuandika. Nimeomba ruhusa katika nyumba ile tangu nikiwa msichana, ya kuingia, ya kukaa, ya kulia, na safari hii nilichoka.

Wako,
Mama Mdogo


Tarehe 19 Julai

Mama Mdogo,

Ninaandika nikiwa kibarazani, karatasi nimeikandamiza kwa jiwe.

Anwani yako nimepewa na mwenye duka. Hakutaka kunipa, alitaka kwanza kunitazama sana. Tumehamia tangu mwisho wa Mei. Wiki za mwanzo zilikuwa nzuri, bahari imetulia, mtoto anashinda dirishani akihesabu mashua na kukosea. Nikajisemea, ona, hakuna aliyekufa kwa kuona bahari.

Kisha upepo ukaja.

Sikuelewa ulipoandika. Mchanga umo kwenye sukari, kwenye mashuka, kwenye meno. Mlango hupigwa hadi rangi imeachia ukutani. Wageni wa kwanza walikuwa mume na mke, walilipia siku saba wakalala mbili, na mke aliniambia kwa upole kwamba anahisi amelala nje. Wageni wengine sijapata. Nondo zimeanza kutoa machozi ya kutu juu ya rangi nzuri.

Hayo ningeyameza. Mtoto anakohoa. Alianza kidogo, nikadhani mafua. Sasa akilala chali pumzi inamkata, inabidi nimuinue na kumpakata huku amekaa mpaka kunakucha. Nimemhamisha vyumba vyote, na upepo unamfuata hadi chumba chako cha uani. Daktari wa hapa amemsikiliza kifua akasema ni hewa hii ya chumvi, mtoto wa kifua cha namna hii aondolewe pwani. Nimemwuliza kifua cha namna hii amekitoa wapi. Akasema mara nyingi huwa cha kurithi, na akaniuliza kama mimi nilikuwa hivyo utotoni. Shangazi hayupo, baba hayupo. Katika wote walionijua nikiwa mdogo hakuna aliyebaki.

Wifi yangu, dada wa baba wa mtoto, ameniambia nimpeleke mtoto kwake bara. Ni mwema na anampenda, lakini nimekataa. Mimi najua maana ya kupelekwa kwa shangazi. Unaambiwa ni kwa muda, kisha unakua huko, na kwenu panakuwa mahali pa kutembelea. Mimi mwenyewe siwezi kurudi, nafasi yangu hotelini imeshapewa mtu na akiba yangu yote imeingia kwenye kuta hizi. Kwa hiyo nimekwama hapa na mtoto anayekohoa.

Nakuuliza wewe uliyeishi humu. Mlikuwa mnafanya nini na upepo huu? Mimi nilikuwa nalala vipi katika chumba kile kabla ya ile miti kuwapo? Ruhusa uliyoniomba Aprili nakupa. Mtaje. Andika kurasa unazotaka.

Binti wa mume wako


Tarehe 30 Julai

Mwanangu,

Ruhusa yako imefika ikiwa imechelewa, lakini imefika. Sasa nitamtaja.

Ulikuwa hulali. Ndilo jibu la swali lako, kama alivyonisimulia mama yako. Ulikuwa mtoto wa kukohoa, mama yako alikuwa akikuita Kikohozi kwa mapenzi, na kila msimu wa upepo pumzi ilikuwa ikikukata ukilala. Chumbani ulikuwa ukilia kwamba kuta zinakubana. Ndiyo sababu alikuwa akikutoa kibarazani na kukupakata ukiwa umekaa. Mtandio ule wa kijani aliulowesha maji akaukinga upande wa upepo, ushike chumvi kabla haijafika kwako. Unakumbuka mlikuwa mkitazama bahari. Labda wewe uliitazama. Yeye aliniambia hakuna kitu alichokichukia duniani kama ile bahari, alikuwa akikaa nayo uso kwa uso akisikiliza kama utavuta pumzi nyingine.

Daktari wa wakati huo alisema uondolewe. Ukapelekwa kwa shangazi yako. Mama yako hakuwa mgonjwa, mwanangu. Siku unaondoka alikuwa mzima, alikubeba mgongoni hadi stendi. Ugonjwa ulimpata baadaye, na watu wazima wakaunganisha mambo mawili ili wasikueleze ya kwanza.

Wiki ileile uliyoondoka alianza kupanda. Miche aliiotesha katika makopo ya maziwa yako. Alimwambia baba yako kwamba miti ikifika dirishani upepo utakatika, na ikifika dirishani mtoto arudi. Alipoanguka kitandani ndipo nilipoletwa mimi. Niliambiwa naja kumuuguza, lakini agizo lake la kwanza halikuwa dawa, lilikuwa ndoo. Kila asubuhi nikitoka kisimani aliniuliza imefika wapi, nami nilimwonyesha kwenye mwili wangu. Kifundo cha mguu. Goti. Alikuwa akikasirika kama vile mimi ndiye ninayeikawiza.

Siku aliyofariki miti ilikuwa imenifika kiunoni. Aliniuliza, nikamwambia, "Imefika dirishani, dada." Akasema, "Basi kamleteni."

Nilimwambia baba yako, siku hiyo na siku nyingi baadaye. Alijibu kwamba umeshazoea kwa dada yake, usisumbuliwe. Ni neno lilelile aliloniandikia mimi kwenye wosia, kwa hiyo mimi na wewe tumesumbuliwa kwa usawa. Nikaendelea kumwagilia. Nilikuwa msichana, nilidhani ikifika kweli dirishani hatakuwa na la kusema. Ilifika, ikapita, ikafika paa. Ukaja kutembea umekuwa msichana mkubwa, ukanitazama kwa chuki, ukalala katika chumba kile usiku kucha bila kukohoa hata mara moja. Nilikaa nje ya mlango wako nikisikiliza. Hilo alipaswa kulisikia yeye.

Huo ndio ukurasa niliouomba.

Sasa kazi. Visiki usivingoje, mvinje ukikatwa chini hauchipui vya kutosha. Miche inauzwa na mtu wa bustani nyuma ya posta, chagua mifupi yenye shina nene. Panda safu mbili mvua zikianza, uikinge kwa magunia upande wa bahari mpaka ishike. Maji ni asubuhi, ya kisimani, yale ya bomba yana chumvi. Usimwachie mtu mwingine ndoo, kila mtu huruka siku. Mimi sitakuja. Mgongo umekwisha, na mkono ulionipa hapana mbili katika barua moja, ya ukurasa na ya miti ya dirishani, bado ninauona nikifumba macho.

Mtoto mpeleke kwa shangazi yake, na umpeleke wiki hii. Usimdanganye kwamba unaumwa. Mwambie ni kwa sababu ya kifua chake, mwambie miti iko wapi, na kila ukimwandikia mpimie kwenye mwili wako imefika wapi.

Ikifika dirishani, arudi.

Mimi niliyemwagilia,
Mama Mdogo